Jiwe la Capripoint halitageuka tumbawe

Maswali yenu ya safari hii kuhusu matangi ya samaki karibu yote ni ya mawe. Naona picha za matangi ya bahari zimezunguka sana kwenye simu, na sasa hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, watu wanataka matumbawe sebuleni, ilhali bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Hamu hiyo siigombi. Ninaogombana nao ni wale wanaonunua samaki kwanza, halafu wanakuja kuulizia mawe samaki akiwa ameshalala ubavu.

Mwanza tumejaliwa mawe hadi uani. Kwa nini nihangaike na mawe ya baharini wakati ya Capripoint yapo bure? (Msomaji, Isamilo)

Kwa sababu ya Capripoint ni granaiti. Ni mazuri kwa kupigia picha jua linapozama, lakini ndani ya tangi la bahari yanabaki kuwa pambo. Jiwe tunalolitaka ni mifupa ya matumbawe, yaani chokaa yenye vitundu hadi ndani kabisa. Sehemu za juu, maji yenye oksijeni yanakopita, wanakaa bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki na mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, kisha naitreti. Ndani zaidi, oksijeni isikofika, wanakaa wengine wanaoivunja naitreti hiyo hadi ikatoka kama gesi ya naitrojeni. Granaiti haina huko ndani. Bakteria watajishikiza kwenye uso wake, basi. Ndiyo maana nasema kila mara: kwenye tangi la bahari, mawe ndiyo kichujio, na hizo pampu na chupa mnazonunua ni wasaidizi.

Ukitaka kujua umeuziwa nini, kamulia limau. Jiwe la chokaa litatoa povu dogo pale tone lilipoangukia, na ukilisogeza sikioni utalisikia likichachatika. Granaiti itakaa kimya. Kisha linyanyue: jiwe zuri ni jepesi kuliko ulivyolidhania kwa macho. Ule ukoko wa zambarau usikupandishie bei, ni mwani mgumu tu. Kipande kimoja chenye huo ukoko kitausambaza kwa mengine baada ya miezi, ukitunza maji.

Shikamoo. Kaka yangu yuko Dar, anasema anaweza kunivunjia matumbawe pale Mbudya akayatuma kwa basi. Yatafika hai? (Kijana wa Buzuruga)

Marahaba. Mwambie kaka yako aache.

Mbudya ni eneo tengefu la bahari, lipo chini ya sheria ya 1994 ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kinachovunjwa pale ni makazi ya samaki, si kokoto. Matumbawe ya pwani yetu yamepigwa baruti kwa miaka mingi, yakaja kuungua na joto la maji mwaka 1998, na bado mtu anakwenda na nyundo ili apate cha kuwaonyesha wageni sebuleni. Halafu usidhani kuagiza kutoka nje ya nchi kunakwepesha lolote. Matumbawe ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali.

Na hata tukiweka sheria pembeni, hesabu yako haitoki. Jiwe lililovunjwa baharini limejaa sifongo, minyoo, kaa wadogo na konokono. Lifunge kwenye gazeti bichi, lipandishe basi, lipitishe Dodoma, Singida na Shinyanga na lile joto la kwenye buti. Hapa Nyegezi stendi utafungua boksi na harufu itawafukuza wapagazi. Nusu ya uliowalipia nauli wameoza, na uozo huo ni amonia mtupu. Waliopona ndio usiowataka: aiptasia, mnyama laini anayefanana na ua, ambaye ukimkata anaota upya kutoka kwenye kipande, au yule kamba mwenye mikono kama ya vunjajungu, anayejificha kwenye tundu mchana na kukuulia samaki usiku.

Kaka yako akitaka kusaidia, atafute mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yale yale ambayo pwani na Zanzibar yamejengea nyumba tangu zamani. Achague yenye matundu mengi, yasiyowahi kushika saruji wala rangi. Yaoshe hadi vumbi la chokaa liishe. Yatafika makavu, hayana mdudu, na hayajamvunjia mtu sheria. Uhai utautia wewe: kipande cha saizi ya ngumi kutoka kwenye tangi la mwenzako lililokomaa, au bakteria wa chupa. Utachelewa, najua. Chelewa.

Tangi langu ni lita 200. Niweke kilo ngapi? (Msomaji, Pasiansi)

Kanuni ya wazee ni gramu 120 hadi 240 kwa kila lita, kwa hiyo kwako ni kilo 24 hadi 48. Mimi ningeanza na hizo 24, na kama mawe ni mepesi sana hata pungufu, kwa sababu samaki anahitaji pa kuogelea na maji yanahitaji pa kuzunguka. Usiyaegemeze kwenye kioo cha nyuma. Yakalishe kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga, maana wapo samaki wanaochimba, na mnara uliojengwa juu ya mchanga utaukuta umeangukia kioo. Na hilo tangi likijaa, maji, mawe na kioo vinapita kilo 250. Meza ya televisheni haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Chumvi ya kupikia si ni chumvi tu? (Msomaji, Mabatini)

Si chumvi tu. Ya mezani na ya Uvinza karibu yote ni sodiamu na kloraidi. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, takriban miligramu 1,300 kwa lita, na kalsiamu kama 400, pamoja na vingine vingi ambavyo matumbawe hujengea mwili. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya bahari, gramu kama 35 kwa lita, na upime kwa kipima chumvi, si kwa ulimi.

Nimeweka mawe makavu siku ya nne leo, maji yameng'aa kabisa. Niweke samaki? (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Hapana ya wiki iliyopita bado ni ile ile. Kung'aa kwa maji hakusemi chochote. Amonia haina rangi. Nunua vipimo vya amonia, naitraiti na naitreti kabla ya kununua kitu kingine chochote chenye mapezi. Tupia kipande cha kamba mbichi kiwe chakula cha bakteria, kisha angalia: amonia itapanda, itashuka, naitraiti itapanda baada yake, nayo itashuka. Vyote viwili vikikaa sifuri huku naitreti ikionekana, hapo tuzungumze. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, na mawe makavu huweza kuzidi. Anayekwambia "weka samaki mgumu mmoja wa kujaribia" anataka umnunue kwake, kisha ununue mwingine.

Mawe ya Geita yanayometameta yanafaa? (Msomaji, Ilemela)

Hapana. Kinachometa ni madini, huenda yakawa na shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe.

Nimepiga hesabu, nimekata tamaa. Hakuna tangi la bei nafuu lenye rangi kama ya baharini? (Mama wa Bwiru)

Dada, lipo ziwani hapo mbele yako. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu! Kuna mmoja, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na mwaka 1985 wataalamu walimpa jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Anaishi kwenye miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza. Furu wengi walitoweka sangara walipofurika miaka ya 1980, na waliobaki wanasumbuliwa na maji machafu, kwa kuwa jike humchagua dume kwa rangi na kwenye tope haoni. Kwa hiyo usiende na nyavu. Tafuta waliozalishwa kwenye matangi, usichanganye aina zinazofanana, na usirudishe samaki wa tangi ziwani hata kwa huruma.

Hapa sasa granaiti ya Capripoint ndiyo jiwe lake hasa. Okota ya nchi kavu, usiingie majini kuyatafuta, kichocho bado kipo kwenye fukwe zetu. Na usiyachemshe kwenye sufuria kama wengi wanavyoshauriana, maana jiwe lenye unyevu ndani linaweza kupasuka jikoni. Sugua kwa brashi bila sabuni, mwagia maji ya moto, anika juani hadi yakauke vizuri.