Ukiitwa kutoa maoni, omba rasimu kwanza

Mwaliko wangu wa kwanza wa "maoni ya wadau" uliletwa na kijana wa bodaboda saa mbili usiku, na kikao ni saa tatu asubuhi yake. Naishi Ngamiani, huku kwenye barabara za namba. Ardhi ni tambarare, kiti mwendo changu kinapita vizuri tu katikati ya baiskeli zetu za Tanga. Nikawahi. Nikasaini mahudhurio, nikapewa maji ya chupa na bahasha ya posho, kisha nikatakiwa kutoa maoni juu ya kitabu cha kurasa arobaini ambacho ndiyo kwanza nakitia machoni. Nikasema, "Tunashukuru kwa kutukumbuka." Basi. Picha nilizopigwa siku ile ni nyingi kuliko maneno niliyotamka.

Nimeshakaa vikao vingi tangu hapo, vya mtaa, kata na halmashauri. Wenzangu wanaoanza wakiniuliza, nawaambia: omba rasimu kabla ya kikao, na uiombe kwa barua. Anayekuita chungu kimeshaepuliwa hakutaki jikoni, anataka uonje useme kitamu.

Wala si hisani unayoomba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ni wa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kabla ya kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Ibara ya 4 ya Mkataba huo, fungu la 3, inaitaka serikali ishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, kupitia vyama vyao, inapoandaa sheria na sera zinazowahusu. Mimi nimeinakili kwa mkono ndani ya jalada la daftari langu. Afisa akiniambia, "Mama, muda haukuruhusu," namfungulia hapo. Simgombezi, namwachia asome.

La pili ni gumu zaidi: acha kusimulia shida, peleka sentensi. Niliwahi kuzungumza dakika kumi nzima juu ya ngazi, milango na vyoo, watu wakatikisa vichwa. Muhtasari ulipotoka ukasema wajumbe "walisisitiza miundombinu rafiki". Rafiki wa nani? Jengo moja la umma hapa mjini likajengewa njia ya mteremko baada ya hapo. Ilikuwa kali, vijana wawili wakinisukuma wanahema, na ukifika juu unakutana na kizingiti cha vidole vinne. Chooni mlango unafungukia ndani, kwa hiyo ukiingia na kiti huwezi kuufunga; unajisitiri kwa kumwomba mtu asimame nje. Siku hizi neno rafiki silitumii. Nasema: kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za urefu, kizingiti kiondolewe, mlango ufungukie nje. Fundi anaelewa, na anayeandika muhtasari hapati pa kufupisha.

Hata kwenye kanuni ni hivyo hivyo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ni yetu. Mwanzoni ilitakiwa muombe kama kikundi. Sasa mtaa wenye watu wawili wenye ulemavu, mmoja fundi cherehani na mwingine bibi wa miaka themanini, kikundi watakiokota wapi? Baadaye kanuni zikaruhusu hata mtu mmoja aombe. Manung'uniko ya "mikopo migumu" yalikuwepo siku zote, lakini kinachoandikika kwenye kanuni ni idadi ya watu.

(Posho chukua, usijione umenunuliwa. Bajaji ya mtu mwenye kiti ina bei yake.)

Hili la tatu naliandika kwa haya. Kwenye kikao kimoja alikuwepo mzee kiziwi kutoka Makorora. Mkalimani wa lugha ya alama hakuitwa, akawa anatafsiriwa na mpwa wake, na maneno yakizidi kijana anamwashiria: nitakwambia baadaye. Mimi nikachukua kipaza sauti nikasema viziwi wanahitaji vifaa vya kusikia. Mpwa alipomfikishia, mzee akapiga meza kwa kiganja, ukumbi mzima ukanyamaza. Alichokuwa anataka ni mkalimani kwenye chumba cha daktari, kwa sababu maradhi yake ya siri yalikuwa yanapitia kinywani mwa mtoto wa dada yake. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Tangu hapo, nikijibu mwaliko nauliza kabisa: mkalimani yupo? Asiyeona atapata nakala ya nukta nundu, ya kusoma kwa vidole? Mzazi wa kijana mwenye ulemavu wa akili mmemwalika, na kijana mwenyewe je? Uliza siku zikiwa bado zipo. Ukumbini utaambiwa bajeti imeshafungwa.

Mwisho wa kikao dai muhtasari, na ukiandika masahihisho hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Lile jengo, mteremko wake ulivunjwa ukajengwa upya, mrefu, napanda peke yangu. Mlango wa choo umegeuzwa. Kizingiti bado kipo. Barua ya tatu nimeipeleka Jumatatu, na nakala ninayo.