Mshiriki Aliambiwa Nini? Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kusoma Tafiti za Hipnosisi

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu kwenye kundi letu la usomaji hapa Mwanza, nawapenda, ila mnanichosha. Kila kundi jipya likipewa makala ya hipnosisi (hali ya umakini mkubwa ambamo mtu hupokea mapendekezo kwa wepesi) linakimbilia ukurasa wenye picha ya ubongo, linatafuta palipowaka rangi, kisha linatoa hitimisho. Sehemu ya mbinu hamuigusi.

1. Someni kwanza maneno aliyoambiwa mshiriki.

Mwenzenu mmoja majuzi aliwasilisha utafiti wa Pierre Rainville na wenzake, Montreal, 1997. Alijiandaa vizuri, slaidi safi, sauti imetulia. Akasogea ukutani, akagusa singuleti ya mbele (eneo la ndani ya ubongo, upande wa mbele) kwa ncha ya kalamu, akasema, "Hapa ndipo hipnosisi ilipozima maumivu." Daktari mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mshiriki aliambiwa nini?" Kijana akapekua karatasi zake mbele, akarudi nyuma, akapekua tena. Feni inazunguka, sote tumenyamaza. Nilimwonea huruma kwelikweli, kwa sababu jibu alikuwa amelishika mkononi.

Washiriki wale walitumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi 47, maji yanayouma. Pendekezo, yaani maneno ya kumwongoza mshiriki ahisi jambo fulani, lililotolewa chini ya hipnosisi lililenga kero ya maumivu: mara yakere zaidi, mara yakere kidogo. Halikulenga ukali wake. Ndiyo maana PET (kipimo kinachopiga picha ya ubongo ukifanya kazi) ilionyesha singuleti ya mbele ikipanda na kushuka pamoja na kero, huku gamba la msingi la hisi (eneo la ubongo linalopokea hisia za mwili) likibaki karibu vilevile. Hakuna kilichozimwa. Mwaka 2001 watafiti wa timu hiyohiyo wakageuza maneno, wakalenga ukali wa maumivu, na safari hii gamba la hisi likabadilika. Kwangu mimi huu ndio uzuri wote wa fani hii: badili sentensi moja, na sehemu nyingine ya ubongo inaitika. Sasa mtu anayeruka maneno hayo anasoma nini?

2. Angalieni washiriki walipatikanaje.

Wepesi wa kupokea hipnosisi unatofautiana sana kati ya mtu na mtu, na hupimwa kwa vipimo maalumu kama vile vya Stanford, vilivyoanza 1959. Watafiti wa Stanford waliochapisha 2016 walipima watu 545 ili kupata 57 tu wa kuingiza kwenye MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo): wepesi 36 na wagumu 21. Kwa hiyo msiniambie "hipnosisi inashusha singuleti ya mbele" kana kwamba inamhusu kila abiria wa kivuko cha Kamanga. Katika utafiti huo, shughuli za sehemu hiyo zilishuka kwa wale wepesi wakiwa kwenye hipnosisi.

3. Takwimu.

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samoni mfu ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao wana hisia gani. Bila kusahihisha ulinganisho mwingi (ukipima maelfu ya sehemu kwa mpigo, baadhi huonekana kuwaka kwa bahati tu), vokseli kadhaa, yaani vipande vidogo vya picha, zilitokea "kufanya kazi". Binti mmoja wa mwaka jana aliuliza kama sangara wa soko la Mwaloni naye angetoa matokeo hayo. Angetoa! Swali lile lilinifurahisha mno, na tangu siku hiyo hakuwahi kuleta thamani ya p (namba inayoonyesha matokeo kama hayo yangetokea kwa bahati kwa kiasi gani) bila kueleza ilisahihishwaje. Mfuateni.

4. Mengine kwa haraka. Mshiriki hajalala, msiandike "usingizini". Tafuteni kundi lililopewa pendekezo lilelile bila hipnosisi, la sivyo hamjui ni kipi kimefanya kazi. Kumbukeni Martin Orne, mtafiti wa hipnosisi aliyewaagiza baadhi ya watu waigize kuwa wamepokea hipnosisi ili awalinganishe na waliopokea kweli. Mashine ina kelele, kwa hiyo maelekezo yajaribiwe kwenye vipokea sauti kabla ya siku yenyewe.

Na wale mnaotamani kufanya utafiti wenu siku moja: fomu ya usalama ya MRI msiijaze kwa niaba ya mshiriki. Kaa naye, muulize kazi alizowahi kufanya. Hapa ufukweni tuna mafundi wengi wa kuchomelea na kusaga vyuma, na kipande kidogo cha chuma kilichojificha jichoni kinaweza kusogea kwenye sumaku na kumpofusha. Akikwambia aliwahi kuingiwa na chuma jichoni, asiingie mpaka macho yapigwe eksirei, hata kama ndiye mwepesi kuliko wote mliowapima.