Peter Falk na koti la Columbo: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yote yanamhusu Peter Falk, Mmarekani aliyeigiza katika tamthilia ya televisheni ya *Columbo* kama Luteni Columbo, mpelelezi wa mauaji katika polisi ya Los Angeles.

Ni kweli jicho lake moja lilikuwa la bandia?

Ni kweli, la kulia. Falk alizaliwa New York tarehe 16 Septemba 1927, na alipokuwa na miaka 3 jicho hilo lilitolewa kwa sababu ya saratani. Kamera inapomsogelea, angalia jicho la kulia linavyotulia palepale huku la kushoto likimfuata anayezungumza. Kule kukunja uso kwa Columbo, ambako wengi walikuona kama mbwembwe za uigizaji, kulitokana na jicho hilo. Lilimkosesha kazi pia: Harry Cohn, mkuu wa Columbia Pictures, alimkataa akisema kwa bei hiyohiyo anaweza kumpata mwigizaji mwenye macho mawili. Kauli ya kikatili kweli. Haikupita miaka mingi Falk akateuliwa kuwania Oscar mara mbili mfululizo, kwa filamu za *Murder, Inc.* (1960) na *Pocketful of Miracles* (1961).

Alisomea uigizaji chuo gani?

Shahada yake ya uzamili, aliyoipata Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1953, ni ya utawala wa umma. Kabla ya hapo jeshi lilimkataa kwa ajili ya jicho, akaenda kufanya kazi jikoni kwenye meli za biashara. Baada ya masomo aliajiriwa katika ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford, kazi yake ikiwa kupima ufanisi wa shughuli za serikali. Jioni aliigiza na kikundi cha ridhaa.

Kisha akajipenyeza kwenye darasa la mwigizaji Eva Le Gallienne huko Westport, lililokuwa la waigizaji wanaolipwa tu. Kwa kuwa alitoka kazini Hartford kwa gari, kila mara alichelewa. Mwalimu alipombana, akakiri kuwa yeye si mwigizaji. Bibi yule akamwambia basi anapaswa kuwa. Mwaka 1956, akiwa na miaka 28, aliacha ajira ya serikali akahamia New York, na mwaka huohuo akawa jukwaani akiigiza mhudumu wa baa.

Columbo aliandikwa kwa ajili yake?

Hapana. Waandishi Richard Levinson na William Link walimtoa kwanza kwenye televisheni mwaka 1960, akiigizwa na Bert Freed. Kisha Thomas Mitchell akamwigiza jukwaani. Falk aliipata nafasi hiyo katika filamu ya televisheni ya mwaka 1968, baada ya Bing Crosby kuikataa.

Hata ile kawaida ya Columbo kuaga, kufika mlangoni, kisha kugeuka na "jambo moja tu, bwana" ilizuka mezani kwa waandishi. Walikuwa wamemtoa nje ndipo wakagundua kuwa tukio limekuwa fupi mno. Kwa taipureta, kuongeza maneno katikati ni kupiga ukurasa upya, nao hawakutaka kazi hiyo. Wakamrudisha ndani kwa swali jingine.

Koti na gari vilikuwa vyake?

Koti la mvua lilikuwa lake. Alilinunua kwa dola 15 mtaa wa 57, New York, siku aliyonyeshewa. Idara ya mavazi ilipomwonyesha nguo, akachagua koti lake mwenyewe. Gari, Peugeot 403 ya 1959 isiyo na paa gumu, lilikuwa la studio. Alilichagua yeye kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa kwenye ua wao.

Mbona vipindi ni vichache kwa miaka mingi hivyo?

Kwa sababu NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, haikukitoa kila wiki. Columbo ilipokezana zamu na tamthilia nyingine za upelelezi, *McCloud* na *McMillan & Wife*, na kila kipindi kilikuwa na urefu wa filamu. Hesabu ni hii: filamu 2 za majaribio (1968 na 1971), vipindi 43 kati ya 1971 na 1978, halafu 24 vya kituo kingine, ABC, kuanzia 1989 hadi 2003. Jumla 69. Tuzo zake za Emmy, za televisheni ya Marekani, ni 5, nne kati ya hizo za Columbo. Ya kwanza aliipata mwaka 1962 kwa kuigiza dereva wa lori la nyanya.

Nianze na kipindi kipi?

Usihangaike na mpangilio, kila kisa kinajitegemea. Muuaji unamjua tangu mwanzo. Kinachokuweka kitini ni kuona Columbo atamnasa vipi. *Murder by the Book* (1971) kiliongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana wa miaka 24. *Étude in Black* (1972) kina John Cassavetes, rafiki wa Falk aliyemwongoza pia katika filamu ya *A Woman Under the Influence* (1974). Ndicho kilichomleta mbwa wa Columbo.

Ukipata muda wa kipindi kimoja tu, chagua *Any Old Port in a Storm* (1973). Donald Pleasence anaigiza mtengeneza mvinyo anayemfungia ndugu yake ghalani na kuzima kipoza hewa. Tazama uso wake mezani anapoonja mvinyo ulioungua kwa joto, na Columbo amekaa kimya anamwangalia.