Trela hupiga debe, majina hukaribisha

Swali la juma lilikuwa: trela, yaani tangazo fupi la filamu, na majina ya waigizaji na watengenezaji yanayoonyeshwa mwanzo wa filamu, vyote hutangulia hadithi, sasa vinatofautianaje? Nimefurahi mno kuulizwa, kwa sababu huumia kila nikiona mtu anabonyeza kitufe cha kuruka majina.

Mimi naangalia anayeambiwa ni nani. Trela inasema na mtu ambaye bado hajaamua kuitazama filamu, kwa hiyo inampigia debe. Majina yanasema na aliyekwisha kuingia na kukaa. Huyo hana haja ya kushawishiwa tena. Anachohitaji ni muda wa kuyasahau ya nje, macho na masikio yake yazoee anakopelekwa.

Chukueni Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, ya 1964. Trela yake na majina yake ni kazi ya msanii mmoja, Pablo Ferro. Kwenye trela picha zinakurupuka, maneno yanachomoza moja moja na kupotea, swali linakatizwa katikati. Kwenye majina, ndege moja inaijaza nyingine mafuta angani kwa mrija mrefu, zikipanda na kushuka taratibu kama zinabembelezwa na muziki laini. Juu yake Ferro ameandika kwa mkono herufi nyembamba, ndefu, nyingine zikijaza kiwambo kizima. Mkono ni uleule na filamu ni ileile, ila aliowakusudia ni watu wawili tofauti.

Kwa kuwa inapiga debe, trela hujiruhusu hata hila. Ile ya Psycho, 1960, inazidi dakika sita, na mwongozaji Alfred Hitchcock mwenyewe anatutembeza kwenye nyumba na hoteli ya mauaji. Mwishoni anavuta pazia la bafu, mwanamke anapiga kelele. Mwanamke huyo ni Vera Miles, wakati kwenye filamu aliyeko bafuni ni Janet Leigh! Majina ya filamu hiyohiyo, yaliyobuniwa na Saul Bass, hayaonyeshi nyumba, bafu wala uso wa mtu. Ni mistari tu inayokimbia na kuyakata majina vipande, na fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann zinazokwaruza. Hujaambiwa lolote kuhusu hadithi, ila tayari umekaa vibaya kitini.

Tena Bass hakuwa huru kama mtengeneza trela. Nani atangulie na herufi zake ziwe kubwa kiasi gani, mara nyingi huwa yamefungwa kwenye mikataba. Orodha kavu namna hiyo kuifanya itishe ni kazi ninayoiheshimu sana.

Neno trela, kwa njia, ni lilelile la lori: kinachokokotwa nyuma. Zamani zilionyeshwa baada ya filamu, watazamaji wakawa wanajiondokea, ndipo zikahamishiwa mbele.

Majina nayo yalidharauliwa. Kumbi nyingi ziliyaonyesha juu ya pazia lililofungwa, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Mwaka 1955, Bass alipoyabuni majina ya The Man with the Golden Arm ya Otto Preminger, makopo ya filamu yalipelekwa kwenye kumbi yakiwa na agizo kwa waendesha mitambo: fungueni pazia kabla ya majina.