Kamba, mizani na asili ya mtu: kumtafuta mwenye kisukari Tanga

Ukitandika meza ya kupima afya pale viwanja vya Tangamano, mjini Tanga, kwenye foleni utampata Mdigo, Msambaa, Bohora mwenye duka na asili ya Kihindi, na kijana ambaye babu yake ni Mwarabu na bibi yake Mzigua. Chati ya BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) inayobandikwa ukutani ina mstari mmoja kwa wote hao, 25. Ukiufuata peke yake, utawaacha waende nyumbani baadhi ya watu waliopaswa kutobolewa kidole wapimwe sukari.

Mwaka 2004 madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa London, walichapisha picha wakiwa wamesimama pamoja. BMI zao zilikuwa sawasawa, 22.3. Walipopimwa mafuta ya mwili, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik 21.2. Mizani hujumlisha nyama, mifupa, maji na mafuta bila kubagua. Mafuta yaletayo kisukari aina ya pili zaidi ni yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na kongosho na kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ishindwe kufanya kazi yake. Watu wenye asili ya Asia Kusini, yaani India na majirani zake, huyaweka huko mapema, hata wakiwa wembamba wa mikono na miguu.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2021, uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni moja, ulitoa namba za kufikirisha. Hatari ya kisukari anayoifikia Mzungu akiwa na BMI 30, mtu mwenye asili ya Asia Kusini huifikia kwenye 23.9, Mwarabu kwenye 26.6, Mchina 26.9 na mtu Mweusi 28.1. Hao ni wakazi wa Uingereza, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama sheria ya Ngamiani, hapa Tanga. Zinachoonyesha ni mpangilio: nani hufika hatarini akiwa na uzito mdogo zaidi.

Kwa kiuno, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeweka sentimita 90 kwa wanaume wa Asia Kusini na 94 kwa wanaume wa Ulaya. Wanawake wa pande zote mbili ni 80. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara tumeazimwa vipimo vya Ulaya mpaka vya kwetu vipatikane. Tafiti kadhaa za huku zimekuta kwamba kwa wanaume 94 ni juu mno. Mwanamume wa Kiafrika mwenye kiuno cha sentimita 89 usimwambie yuko salama kwa sababu jedwali limemwacha.

Kwa mchanganyiko wa Tanga, anza na kamba. Mwongozo wa Uingereza wa 2022 unatumia mstari mmoja kwa asili zote na jinsia zote: kiuno kisifike nusu ya urefu. Tafuta uzi usiovutika. Wa katani unafaa, na Tanga haukosekani. Mtu avue viatu, kofia au kilemba, asimame visigino vikiwa ukutani, kisha kata uzi uliolingana na urefu wake kamili. Ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, au zikigusana kwa shida, huyo aende kwenye kipimo cha damu. Ukitaka kujua nani aharakishwe, gawanya uzi huohuo sehemu tano sawa: kiuno kilichofika sehemu tatu kimefikia 0.6 ya urefu, na hapo hatari ni kubwa.

Chukua mwanamume wa sentimita 168, kilo 67, kiuno 88. BMI yake ni 23.7, chini ya 25. Kiuno kiko chini ya 94, hata chini ya 90. Kwa majedwali ya kawaida hana neno. Lakini nusu ya urefu wake ni 84, na kamba inamkamata.

Makosa mengi yako kwenye kutafuta kiuno chenyewe. Kiuno si pale suruali inapokaa. Mwenye kitambi huifunga suruali chini ya tumbo, akakutajia inchi 34 kwa kujiamini kabisa. Papasa ubavuni: ukingo wa ubavu wa mwisho uko juu, ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga uko chini. Pima katikati ya hapo, pande zote mbili. Futi ya fundi ilale sawa kuzunguka mwili, isiteremke mgongoni, iguse bila kubana. Mtu apumue kawaida, usome namba hewa inapokwisha kutoka. Wanaume wengi hukaza tumbo wakiona futi. Waulize habari za mpira na tumbo litashuka lenyewe. Pima mara mbili, na namba zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Msuli au kikoi kilichokunjwa kiunoni, au kifundo cha kanga, huongeza sentimita kadhaa. Kwa akina mama, weka pazia na mpimaji wa kike. Shikamoo na maelezo mafupi vitangulie, kisha atalegeza kanga mwenyewe. Usimpime mtu kiuno mara baada ya futari. Mjamzito, na mwenye tumbo lililojaa maji kwa ugonjwa, hawapimwi hivi. Futi ya kitambaa iliyozeeka hurefuka, hivyo ilinganishe na rula ya chuma. Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, si kwenye mkeka wala mchanga.

BMI nayo usiitupe. Kwa mwenye asili ya Kihindi, mstari wa kumpeleka kwenye damu ni 23, na Shirika la Afya Duniani linaongeza 27.5 kama mstari wa hatari kubwa kwa Waasia. Kwa mtu wa asili mchanganyiko, na pwani yetu imejaa hao, usimhoji nasaba mpaka foleni ikasirike. Tumia mstari wa chini zaidi kati ya asili zake. Hasara yake ni stripu moja ya ziada, yaani kile kikaratasi cha kupimia sukari.

Wapo pia wanaopita vipimo vyote vya mwili na bado wana kisukari. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua, mama aliyepata kisukari cha ujauzito, mwenye shinikizo la damu, au anayekunywa maji sana, kukojoa mara kwa mara na kukonda: hawa wapimwe damu bila kujali kamba inasema nini. Huyo anayekonda ndiye hudanganya zaidi, kwa sababu kiuno chake kinapungua huku sukari ikipanda.

Kwenye damu, mtu awe hajala kwa saa nane. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) au zaidi ni ya kisukari, 6.1 mpaka 6.9 iko mpakani. Kwa aliyekula, 11.1 pamoja na dalili inatosha. Bila dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine, hospitalini. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke, maana kidole kilichoshika embe au halua hupandisha namba, na spiriti isiyokauka huiharibu pia. Kopo la stripu lifungwe kila unapotoa moja. Unyevu wa Tanga huziharibu upesi.

Akiandikiwa HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita na ambacho huhesabiwa kisukari kikifika asilimia 6.5, mwenye selimundu amwambie mtaalamu wa maabara mapema. Chembe zake nyekundu hufa haraka, hivyo namba hutoka chini kuliko sukari yake halisi, na atahitaji kupimwa sukari ya kawaida ya asubuhi.