Uyoga wa Texas na Japani: Rekodi Chache Zinathibitisha Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba upo uyoga unaoota Texas na Japani peke yake. Wataalamu wanajuaje hivyo, ilhali ushahidi wao ni vielelezo vichache vilivyokaushwa na kuwekwa kabatini? Je, si huenda kwingine haujatafutwa tu?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu Msomaji, shaka yako ina msingi. Uyoga huo, Chorioactis geaster kwa jina la kitaalamu, ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1893 na Charles Horton Peck, mtaalamu wa mimea wa jimbo la New York, kutokana na vielelezo vilivyotoka Austin, Texas. Nchini Japani uliripotiwa mwaka 1937 katika kisiwa cha Kyushu, kisha ikapita zaidi ya miaka 30 kabla haujaonekana tena. Pengo hilo halithibitishi kwamba ulitoweka. Huko Texas huchomoza zaidi kati ya Oktoba na Aprili, kwa hiyo anayeingia msituni mwezi Julai hurudi mikono mitupu hata kama kuvu lenyewe limo ndani ya kisiki alichokikalia. Rekodi za herbaria, yaani hifadhi ya vielelezo vikavu, zinathibitisha kwa uhakika mahali uyoga ulipo. Kuhusu mahali usipokuwepo, nguvu yake inategemea kabisa ni watu wangapi wamepita hapo wakitafuta, na katika msimu gani.

Jambo moja, hata hivyo, tunaweza kulisema kwa ujasiri zaidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba uyoga wa Texas na ule wa Japani ulitengana yapata miaka milioni 19 iliyopita, hivyo haukubebwa na meli wala na wafanyabiashara wa mbao.

Thamani ya kielelezo, kwa maoni yangu, iko kwenye lebo kama ilivyo kwenye uyoga wenyewe. Uyoga huu mchanga hufanana na sigara nene ya rangi ya kahawia iliyokolea, yenye manyoya laini. Ukikomaa hupasuka kuanzia juu ukawa nyota ya ncha 4 hadi 7, ukitoa wingu la spora, yaani chembe ndogo za uzazi, pamoja na mlio mwembamba wa kufyonya. Ndani ya bahasha ya kuhifadhia kielelezo mlio huo haupo, na rangi hufifia. Vilevile, kipande kikavu kisicho na maelezo hakiwezi kukuambia kwamba huko Texas huota kwenye visiki na mizizi ya miti iliyokufa ya Ulmus crassifolia, aina ya elm, na Japani kwenye mialoni iliyooza.

Kwa hiyo ukikuta uyoga usioujua, usiunyofoe: ukate pamoja na kipande cha gome, uukaushe kwa joto la wastani, na siku hiyohiyo uandike mahali, tarehe, mti, rangi na harufu, karatasi hiyo uiweke katika bahasha moja na uyoga.