Mtoto ana mafua, aende chanjo ya miezi 18?

Msomaji wa Nkuhungu ameniandikia: mwanawe ametimiza mwaka na nusu, ana mafua, na wifi yake anasema chanjo ya pili ya surua ni kumtesa mtoto bure, maana ile ya miezi tisa alishachomwa. Aende?

Nenda, dada. Mafua na kikohozi kidogo havizuii chanjo. Mwenye homa kali au aliyelegea ndiye aonwe na daktari kwanza.

Hilo la wifi nalijua vizuri. Binti yangu alipofika miezi 18 tulikuwa tumehamia Kizota, na nyumba nzima, mama mkwe akiwa mbele, ilishikilia kwamba kliniki inaishia miezi tisa. Nikaenda na maswali yangu. Nesi akanijibu mbele ya foleni, "Mama, umekuja kuchanja au kuhoji?" Wamama wakacheka. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Lakini sikuondoka. Watu walipopungua nikamfuata nesi mwingine, mtu mzima, akakaa nami kwenye benchi akanieleza kwamba kinga mtoto aliyotoka nayo kwa mama inaweza bado kuwepo akiwa na miezi tisa na kuipunguza nguvu chanjo. Kwa dozi hiyo ya kwanza, takriban watoto 15 kati ya 100 hubaki bila kinga ya surua. Ya pili ni kwa ajili yao, na hakuna anayejua kwa kumtazama mwanawe kama yumo.

Nikauliza na homa. Akasema ya pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano ya wiki ya 6, 10 na 14, huja siku hiyo au kesho yake. Ya surua-rubella, ndiyo hii ya miezi 9 na 18, inaweza kuja baada ya wiki moja hivi, pengine na vipele, mama akidhani ni ugonjwa mwingine.

Nilirudi nikamweleza mama mkwe neno kwa neno. Leo ndiye anayewakumbusha wakwe wengine tarehe za kliniki, na najivunia hilo.

Wazazi wenzangu, tunataka watoto wetu wasome wafike mbali, halafu tunaogopa kumuuliza nesi swali moja! Uliza. Ukikaripiwa, uliza tena kwa mwingine. Ni haki ya mwanao, na katika vituo vya serikali chanjo hizi ni bure. Umechelewa miezi kadhaa? Hazianzi upya, mtoto anaendelea alipoishia. Kadi imepotea? Nenda hivyo hivyo, ueleze ulikuwa unahudhuria kituo gani, waangalie kwenye rejista.